Pumzi Kati ya Namba

"Kazi ya swichibodi ni kusoma namba, na mashine inasoma namba vilevile." Ndivyo alivyoandika mkuu wetu wa mawasiliano katika jarida la mwezi uliopita. Nimemsoma mara mbili nisije nikamsingizia. Amekosea.

Ijumaa hii Mama Vituo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye swichibodi ya hospitali yetu, akipokea simu na kuwasomea watu namba wanazozitafuta. Jina hilo alipewa na wauguzi kwa jinsi anavyosoma kwa vituo. Namba ya simu yenye tarakimu tisa hakuisoma hata siku moja kwa mkupuo. Alisoma tatu, akavuta pumzi, tatu nyingine, pumzi, kisha tatu za mwisho. Anayepiga simu hospitali ana hofu na hana kalamu. Tarakimu tisa zinammwagikia njiani. Mafungu matatu anafika nayo nyumbani.

Wanafunzi wake walikoma. Aliyesoma namba mfululizo aliambiwa, "Mwanangu, umemlisha mtu mkate mzima bila kuukata. Haya, mpigie tena umwombe radhi." Kisha alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisosi.

Wiki hii mashine itakayochukua nafasi yake imejaribiwa. Inamimina tarakimu zote tisa kama maji ya bomba lililopasuka. Dereva wetu wa gari la wagonjwa alipiga kuomba namba ya wodi, akapiga tena, mwishoni akaitupa simu kitini na kwenda wodini kwa miguu.

Mama yangu alipougua ugonjwa wa kusahau, majina yetu wanawe yalimtoka moja baada ya jingine. Namba ya hospitali, aliyosomewa zamani na Mama Vituo ili anipigie kazini, ilibaki. Aliitaja kwa mwendo wa Mama Vituo, pumzi zikiwa mahali pake, akiomba mimi mwanawe niulizwe kama nimeshatoka kazini. Nami nimeketi ubavuni pake. Tangu tumzike, mara nyingine napiga swichibodi bila shida yoyote. Mama Vituo ananijua. Haniulizi kitu, ananisomea namba ile ile, taratibu, mpaka mwisho. Jumatatu sijui nitampigia nani.

Asante, Mama Vituo. Ukapumzike, na simu ya nyumbani kwako ilie kwa habari njema tu.

Nanyi wa ofisi ya mawasiliano: mpaka Ijumaa jioni bado yupo kwenye kile chumba kidogo kando ya mapokezi. Nendeni mkamrekodi, namba zote, kwa sauti yake. Na msikate pumzi hata moja.