Uzi Mwekundu, Uzi Mweusi: Mama Tusome Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia hospitali hii, Mama Tusome wa kitengo cha kompyuta anastaafu leo, Ijumaa, tarehe thelathini. Mnaocheka huko nyuma, tafadhali. Tunajua kwamba programu ya sherehe kama hii imeshachapishwa mara mbili, na mara zote mbili mstaafu hakustaafu. Hii ni ya tatu. Mwandishi ni yule yule, amechoka vile vile, ila safari hii ameapa.

Mama Tusome aliajiriwa kama mpiga chapa wa masjala, enzi za taipureta zilizokuwa zikisikika hadi getini. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, iliwekwa chumba cha mhasibu na kufunikwa kitambaa cheupe ili isiingie vumbi. Ilikaa hivyo wiki nzima, inanguruma chini ya kitambaa, na kila mtu akipita anaitazama kwa mbali. Siku moja yeye aliingia akakifunua. Mhasibu alipokuja juu, alijibiwa kwamba mashine imeandika kitu kwenye kioo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyejisumbua kukisoma. Ilikuwa inaomba tarehe tu. Mwezi uliofuata alihamishiwa kitengo cha kompyuta, ambacho wakati huo kilikuwa yeye, kiti, na stoo iliyo chini ya ngazi. Stoo hiyo ndiyo ofisi yetu hadi leo, na anayesimama ghafla bado anagonga kichwa.

Jina lake alilipata kwa kauli yake moja. Ukimpigia kumwambia kompyuta imekufa, anakukataza kuizima. Anakuja, anavuta kiti, anakukalisha na wewe, kisha anasema: kwanza tusome. Halafu anaanza kusoma kwa sauti yale mashine iliyoyaandika, mstari kwa mstari, polepole, kama mtu anayesoma barua ya shangazi yake. Hakuna mkubwa wala mdogo. Daktari wetu mmoja wa upasuaji, mtu asiyependa kungojeshwa hata na lifti, aliwahi kukalishwa hivyo akasikiliza mpaka mwisho. Alipotoka alisema kwamba angalau kuna mtu mmoja hospitalini humu anayemsikiliza mgonjwa kabla ya kumchoma sindano.

Sasa tuje kwenye yale yaliyomzeesha.

Miaka kadhaa iliyopita tulipewa msaada wa kompyuta zilizotumika. Mifumo ya kisasa ya kununua ilikuwa mizito mno kwa mashine zile, kwa hiyo Mama Tusome aliziwekea Linux, mfumo ambao ni wa bure na hauchagui uzee. Zikaamka zote. Tatizo likawa kuziunganisha. Kuta za jengo letu ni nene, tena ukizitoboa zinamwaga mchanga, na utawala ulishapiga marufuku mtu yeyote kushika drili. Ikabidi majibu ya maabara yasafiri kwenda wodini bila waya. Mashine hazikuwa na uwezo huo, basi tukanunuliwa adapta: vidude vidogo kama ukucha wa kidole gumba, unavichomeka pembeni mwa kompyuta, kinawaka kitaa cha buluu, mambo yanakwenda.

Hayakwenda. Adapta zote zilitoka katoni moja, zina lebo moja na kitaa kimoja, lakini ndani zilikuwa za aina mbili. Na kila aina inataka dreva yake, yaani kile kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Aina ya kwanza haikuwa na shida, dreva yake inakuja na Linux yenyewe. Aina ya pili ndiyo iliyotutoa jasho. Dreva ile ya Linux hujidai kuijua, huikamata, huonyesha jina la mtandao vizuri kabisa, kisha baada ya dakika chache huitupa njiani, na majibu ya damu ya mtu yanabaki yananing'inia. Ilimchukua Mama Tusome msimu mzima wa mvua kugundua hilo, akitambaa chini ya meza za wodi moja hadi nyingine. Magoti anayolalamikia leo aliyaacha huko.

Dawa aliipata. Kompyuta zinazotumia aina ya pili alizipiga marufuku kuigusa dreva ya Linux, akazijengea nyingine kwa mkono. Ila dawa hiyo ilikuja na masharti mawili. La kwanza, Linux ikisasishwa, ile dreva ya mkono inaachwa nyuma na lazima ijengwe upya, kompyuta moja baada ya nyingine. La pili, adapta zisibadilishane nyumba. Ukiichukua adapta ya aina ya kwanza ukaichomeka kwenye kompyuta iliyopigwa marufuku, haina wa kuipokea, na kitaa hakiwaki.

Sharti la pili lilitushinda sote. Hapa watu huazimana adapta kama kalamu. Mama Tusome akazitia alama kwa kalamu ya wino, Sista Mkuu wa wodi ya tatu akazifuta kwa spiriti, maana kwake kila kisichofutwa ni uchafu. Akapaka rangi ya kucha, watu wa maabara wakaitoa kwa kemikali zao na kumsifu jinsi adapta zilivyong'aa. Mwishowe alikwenda nyumbani akazungumza na mume wake.

Mume wake ni fundi cherehani, na sote tunamwita Fundi, kwani nusu ya makoti meupe yanayotembea humu ametushonea yeye. Fundi alifungua kopo lake akatoa rili mbili za uzi. Kila adapta ikafungwa uzi shingoni: mwekundu kwa aina ya kwanza, mweusi kwa aina ya pili, kwa fundo ambalo hata spiriti haikuliweza. Rangi hiyo hiyo ikafungwa kwenye kompyuta yake. Tangu hapo mwekundu hukaa kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi, na Sista Mkuu huyatangaza hayo kwenye kikao cha asubuhi kwa ukali kuliko anavyotangaza zamu za usiku. Fundi ndiye aliyeendelea kuzifunga nyuzi miaka yote hii, bila malipo, akisikiliza redio.

Lakini sharti la kwanza halikupata uzi. Kila sasisho likija, kompyuta za uzi mweusi hulala zote pamoja, na Mama Tusome huanza mzunguko. Akimaliza hurudi chini ya ngazi, hukaa, huweka paji la uso juu ya meza. Ukimwuliza kama yuko salama, anajibu nipo, nipo, bila kuinua kichwa. Tumezoea mno jibu hilo. Tulisikia nipo, tukaona inatosha, tukaendelea na yetu. Mtu anaweza kuchakaa mbele ya macho yenu huku mkimsifia uchapakazi.

Sherehe ya kwanza ya kumuaga iliangukia asubuhi ya sasisho. Tayari alikuwa na viatu vya kisigino na ua kifuani simu ilipolia kutoka wodi ya wazazi. Alivua viatu, akaviacha kwenye kiti cha mgeni rasmi, akaenda. Keki tuliila bila yeye, na utawala ukamwomba avumilie miezi michache. Ya pili haikufika hata kwenye keki. Majengo mapya yalifunguliwa, adapta zikatakiwa upya, akaombwa tena, naye mdomo wake haujui kutamka hapana. Siku hiyo Fundi alikuwa ameshafunga mizigo. Aliifungua mwenyewe, shati baada ya shati, akayarudisha kabatini.

Hapa ni lazima tueleze mizigo ile ilikuwa ya kwenda wapi. Binti yao anaishi mji wa mbali, safari ya basi ya kulala njiani, na ana mtoto wa kiume ambaye babu yake anamjua kwa picha za simu tu. Fundi ana ugonjwa wa presha ya macho. Daktari wa hapa hapa alimweleza wazi kwamba dawa zitapunguza mwendo wa ugonjwa, lakini macho yaliyokwisha kupotea hayarudi. Alifunga cherehani mwaka jana. Tangu hapo anachosubiri ni mke wake apate nafasi wakamwone huyo mtoto, wakati bado kuna kitu cha kuonea.

Kwa hiyo juzi kitengo kizima tulikubaliana. Tangu adapta zije hatujawahi kufanya sasisho bila Mama Tusome kuwapo. Tukaona bora tujaribu paa kabla mvua haijaanza. Jana tulimpa ruhusa ya kwenda kusukwa nywele, tukachukua simu yake kwa kisingizio cha kuichaji, tukaanza.

Tulifanya vizuri kuliko tulivyotarajia. Kompyuta za uzi mweusi zililala, tukazijengea dreva, zikaamka wodi baada ya wodi. Ikabaki wodi ya tatu. Mwenzetu mmoja, mwenye mwili wa kutosha, alisukuma meza ukutani adapta ikavunjika. Tukatoa ya akiba kwenye droo, yenye uzi mweusi, tukaichomeka. Kimya. Tukaijenga dreva upya. Kimya. Tukaizima na kuiwasha, tukaijenga tena, tukalaumiana, tukaanza kupeleka majibu ya maabara kwa miguu, na mganga mkuu mwenyewe, bila kuombwa, alibeba ya saa sita. Mtu akasema basi, tumwite saluni. Wote tulikuwa tumewaza hivyo hivyo.

Sista Mkuu ndiye aliyevuta kiti. Akatuuliza, kwa sauti ile tunayoijua, kama kuna yeyote kati yetu aliyesoma.

Hakuna aliyekuwa amesoma. Tulikuwa tumeuamini uzi. Tukakaa, tukasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Kila adapta ikichomekwa hujitambulisha kwa mashine kwa namba ya aina yake, na namba ile haikuwa ya uzi mweusi. Ilikuwa ya uzi mwekundu. Dreva yetu haikuwa na kosa lolote. Adapta ndiyo iliyofungwa rangi isiyo yake. Tukaitolea kompyuta ile marufuku, dreva ya Linux ikaipokea, kitaa cha buluu kikawaka, na wodi ya tatu ikashangilia hadi wagonjwa wakauliza kuna nini.

Adapta hizo za akiba zilifungwa nyuzi mwezi uliopita, nyumbani. Mama Tusome alizipanga kwenye visahani viwili, kila aina na chake, kisha akasinzia kwenye kochi. Fundi akafunga.

Nilimpigia Fundi simu jana jioni. Nilizungukazunguka kwa salamu, nikauliza ya redio, akanikatisha akaniuliza ni adapta ngapi amekosea. Nikamwambia moja. Akashusha pumzi. Akasema nyuzi zote kwake sasa ni rangi moja, kwamba siku ile aliziotea, na kwamba mama hajui imefikia hapo. Angejua angeanza kumzungusha kwa madaktari, safari ikaahirishwa tena, na daktari ameshasema lake. Nikamwuliza niliweke wapi jambo zito namna hii. Akacheka, akasema, "Liandike kwenye hiyo programu yenu, mwanangu. Nitakuwa nimekaa pembeni yake. Akinyanyuka nitamshika mkono."

Basi, Mama, Fundi amekushika mkono, na sisi tumeandika kama alivyotutuma. Hatuna zawadi kubwa ya kukupa. Tunalo hili moja: sasisho limepita, wodi zote zina mtandao, na wewe ulikuwa saluni. Uzi ule mweusi wa wodi ya tatu hatukuufungua na hautafunguliwa. Kompyuta ile ndiyo tuliyoibadilisha iufuate, na Sista Mkuu ameshatangaza kwamba atakayeugusa atamjua.

Asante kwa magoti yako. Asante kwa kila nipo uliyoijibu ukiwa huna nguvu za kuwapo. Simu yako inachajiwa kweli, iko kwa mlinzi wa getini pamoja na tiketi mbili, na namba ya hospitali tumeifuta humo. Tunawatakia pumziko jema, nyote wawili, na siku ndefu zisizo na haraka. Keki tumeagiza iletwe mapema, kwa sababu basi linaondoka saa nane. Kuleni, kisha nendeni, Fundi akamwone mjukuu wake kwa macho yake mwenyewe.