Hodi ya Nne: Maisha ya Marhoon bin Musallam

Akipima baruti, marehemu baba yetu hakujibu hodi. Nyuma ya nyumba yetu ya Mawaleh, hapa Muscat, alikuwa na kibanda, na humo, kwa ruhusa ya klabu yake ya kulenga shabaha, aliyajaza upya maganda ya risasi aliyoyaokota uwanjani. Akishaanza, hakutoa neno mpaka amalize ganda la mwisho. Alisema mwenye kuzungumza husahau, hutia baruti mara mbili, na bunduki humpasukia usoni. Tabia hii hakuiacha kamwe, hata baada ya kukaribia kumkosesha mkwe.

Marhoon bin Musallam alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtaa wa Mkunazini, Unguja. Alisoma Qur'ani na skuli ya msingi hapo hapo mtaani. Mwaka 1964 wazee wake walihamia Mombasa, na huko akamaliza sekondari mwaka 1969. Safari ile hakuizungumza sana. Alichotuonyesha ni mizani ndogo ya shaba ya mama yake, ya kupimia zafarani, aliyoivusha ndani ya kofia. Haikuwa sahihi tena, kwa hiyo hakuipimia baruti, lakini ilikaa rafuni juu ya ile ya kisasa, kama mzee anayesimamia kazi.

Alifika Muscat mwezi wa Septemba 1973, akaajiriwa katika maabara ya maji ya serikali, kisha ofisini Al Khuwair, alikofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2008. Idi moja wenzake wa kazini walimchukua bara, mbali na mji, kulenga shabaha. Hakupata hata moja.

"Nyinyi watu wa Zinjibar mnajua karafuu tu!" wakamcheka.

Alicheka nao, akarudi mjini, akajifunza. Idi ya mwaka 1978 walisimamisha jiwe jeupe mbali, na risasi yake ya kwanza ikalipasua. Aliweka bunduki chini, akawageukia: "Karafuu hiyo. Nimeichuma."

Mwaka 1979 alimuoa mama yetu, Bi Kheiria, aliyezoea upesi kusikia maganda ya risasi, aliyoyaosha baba, yakigongana ndani ya mashine ya kufulia. Walijaaliwa mabinti wawili: mimi, Afra, ninayeusoma wasifu huu, na mdogo wangu Nawar.

Ijumaa ya tarehe 13 Novemba 2009 watu wa posa walikuwa waje kumtaka Nawar. Kijana ni Safwan, na hakuna aliyelitaka jambo hilo kuliko Nawar mwenyewe. Baba, kwa wasiwasi, aliingia kibandani apitishe muda. Sisi wanawake tulikuwa jikoni tunakaanga, feni ya moshi inavuma. Wageni wakafika mapema. Mzee Yaqdhan, baba yake Safwan, akabisha hodi mara tatu, kama adabu inavyotaka, na aliposikia kimya akawaambia wenzake, "Tumejibiwa." Wakapanda gari wakaondoka.

Safwan akampigia simu Nawar. Nawar akatoka uani analia.

"Baba! Wamekuja wamerudi!"

Baba alikuwa ndiyo kwanza anafunga kibanda, miwani juu ya kipaji. "Niliwasikia. Yalibaki maganda mawili. Nikasema watasubiri."

"Watu wa posa wasubiri baruti?" akasema mama. "Baba Afra, wewe mzima kweli?"

Baba akatia gari moto, aproni yake ya kazi ingali kifuani, akaenda mpaka Wattaya, nyumbani kwa Mzee Yaqdhan. Nawar alikuwa ameshamweleza Safwan kisa chote, na Safwan ameshamweleza baba yake. Baba akabisha hodi. Kimya. Akabisha ya pili, na ya tatu. Kimya.

"Mie siondoki!" akapaza sauti. "Hii ya nne. Hodi!"

"Subiri, yakhe!" Mzee Yaqdhan akamjibu kutoka ndani. "Nnapima kahawa!"

Kicheko kilichotoka nyumba ile kilisikika barabarani. Posa ilikubaliwa hapo hapo, baba akiwa na aproni. Mzee Yaqdhan alisema mtu asiyeiacha nusu kazi ya hatari ndiye anayemtaka awe babu wa wajukuu zake. Tangu siku hiyo baba alitundika kitambaa chekundu mlangoni pa kibanda, na kila aliyekiona alijua asubiri.

Mwaka 2021 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Hakungoja kuambiwa. Vifaa vyote alivipeleka klabuni, akakikunja kitambaa. "Mkono wenyewe umeniambia basi," alisema. Nadhani siku hiyo ndiyo aliyoanza kutuaga, nasi tulikuwa tukimsifu tu kwa busara yake. Mwezi wa Disemba 2024 alilazwa kwa maradhi ya kifua. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, baada ya adhuhuri, akazikwa alasiri ya siku hiyo.

Ameacha mjane, Bi Kheiria. Mabinti, Afra na Nawar. Mkwe wake Safwan. Wajukuu wawili, Hamood na Ibtihal. Na dada yake, Bi Shaikha, aliyeko Unguja. Mola ampokee kwa upole, na mapumziko yake yawe ya amani.

Jumatano, siku moja kabla hajafariki, nilibisha mlango wa chumba chake hospitali, nikasubiri nje kama tulivyozoea. Sauti yake ikatoka, nyepesi, na kicheko ndani yake:

"Ingia, mwanangu. Leo sina baruti mkononi."