Fundi Sauti na Kaburi Lililowekewa Masharti

Marehemu, ambaye tulimwita Fundi Sauti mpaka tukasahau jina alilopewa na mama yake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, ndiye anayesoma maneno haya. Mtamwia radhi akisita, kwa maana juzi familia ilipokea onyo: mjane wa marehemu akikanyaga kando ya kaburi hili, maiti haitalala humo siku tatu. Mjane huyo amekaa kiti cha mbele.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Alipokuwa darasa la tano aliifungua redio ya baba, akaipanga mezani kipande kwa kipande. Kaka yake akakimbia kwenda kusema. Baba alipofika, redio ilikuwa ikiimba kuliko zamani, na skrubu tatu zimebaki mezani. "Hizi zilikuwa za mapambo tu, baba," alisema. Baba alikuwa ameshashika mkanda. Akacheka mpaka ukamponyoka. Novemba 1979 marehemu alipata cheti cha ufundi wa umeme na redio.

Mwaka 1983 alifungua karakana nyuma ya duka la viatu. Ilikuwa chumba cha hatua sita kwa nne, na harufu ya lehemu haikuisha humo. Alitengeneza vipaza sauti vya kila nyumba ya ibada mjini, yetu na za wengine, kwa bei moja na kwa utani uleule: "Shoti haina dhehebu." Wengi walimpenda kwa hilo. Wachache walianza kuhesabu ni milango ya nani anayoingia.

Tarehe 14 Agosti 1988 alimwoa muuguzi wa zahanati, tunayemwita Mama Chanjo. Walikutana alipoitwa kurekebisha kipaza sauti cha zahanati. "Fundi," dada huyo alimwambia, "hiki kitu kinaita wagonjwa kama kinawafukuza." Mama Chanjo ni wa imani nyingine, naye hakuiacha. Marehemu alimsindikiza kwenye ibada zake, akamwacha mlangoni, kisha akaenda kwenye zake. Mzee wetu wa ibada aliwabariki mbele ya watu, na majirani wa imani zote mbili wakawachangia vyombo mpaka kabati likakataa kufungika. Haki isemwe na isikike: hao ndio waumini walio wengi. Lakini palikuwa na watu saba, waliojiita Walinzi, walioapa kwamba ndoa ile ingewatia najisi wote.

Siku moja ya mwaka 2016, mkubwa wa hao saba alisimama kuhubiri juu ya "mwenzetu anayelala na giza." Kila mtu alijua ni nani. Kipaza sauti kikaanza kupiga mbinja, watu wakaziba masikio. Marehemu aliinuka benchi la nyuma, akaja taratibu, akageuza kitufe, akakisogeza kipaza sauti hatua mbili. "Sasa endelea, mzee," alisema. "Walikuwa hawakusikii vizuri." Ukumbi mzima ulicheka, na mhubiri akapotewa na maneno.

Kicheko kile kililipiziwa kisasi. Wiki iliyofuata nyaya zote za karakana zilikutwa zimekatwa vipande vya kidole kimoja kimoja, vimepangwa sakafuni kwa unadhifu wa kutisha. Kisha ikaja karatasi chini ya mlango: *Tunajua muuguzi anapita njia gani.* Tangu siku hiyo marehemu alimfuata mkewe kazini na kumrudisha kila jioni, kwa miaka saba, bisibisi mfukoni. Watu walipomwambia samaki mmoja akioza wameoza wote, alikataa. "Hiyo ni ya samaki," alisema. "Nyaya mpya nimeletewa na nani? Si waumini wenzangu?" Na ni kweli, waliozileta walikuwa kumi na wawili, na mzee wa ibada akiwa mbele yao.

Januari 2023 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa hospitali ya wilaya, wodi namba 4, kitanda cha dirishani. Tarehe 2 Mei kaka yake alimletea karatasi kutoka kwa wale saba: atie sahihi kwamba amemwacha mkewe, la sivyo hatazikwa na watu wake. Kaka hakuwa mmoja wao. Alikuwa tarishi wao tu, na alijidanganya kwamba tarishi hana kosa.

"Umekuja na matunda au na karatasi?" marehemu aliuliza.

"Weka sahihi tu, mdogo wangu, yaishe. Wakitunyima kaburi tutakupeleka wapi?"

"Isome kwa sauti."

Kaka aliisoma. Mama Chanjo alikuwa akimkanda mumewe miguu, wala hakuinua uso.

"Umesikia, mke wangu?"

"Nimesikia."

"Basi shemeji yako amemaliza. Mpe maji, koo limemkauka."

Kaka aliyapokea maji yale. Miaka thelathini na mitano alikuwa hajapokea chochote kutoka mkono ule, kwa kuogopa najisi. Yalikuwa maji tu. Aliona aibu ambayo bado anayo sasa hivi akisoma.

Marehemu alifariki tarehe 19 Mei 2023, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Mzee wa ibada ametuma jibu kwa wale saba kwamba kaburi limeshachimbwa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeongoza mazishi. Nao wamejibu kwamba watakuja, kama si leo, basi tukishaondoka.

Ameacha mke, na neno hilo tuliletewa agizo la kulifuta katika karatasi hii: mke wake wa halali, Mama Chanjo, ambaye atakuwa wa kwanza kutia udongo. Ameacha binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu na kaka mmoja, ambaye ameweka kiti chake hapa kaburini na hataondoka na wengine jioni.

Apumzike kwa amani, na mwenye mpango wa kumwamsha aanze na kaka yake.