Miiko ya Adhiambo

Risala ya Kikundi cha Wapishi wa Matanga cha Rodi Kopany kwa Mheshimiwa Elijah Omolo, Mwakilishi wa Wodi, siku ya kufunguliwa kwa jiko letu jipya

Mgeni rasmi, wazee, akina mama, viongozi wa makanisa, na nyote mliofika hapa mkifuata harufu, hamjambo.

UKARIBISHO

Mheshimiwa, kukukaribisha wewe penye chakula ni kazi rahisi. Tumekupikia Homa Bay, tumekupikia Rangwe, na siku ile gari lako lilipokwama kwenye matope njia ya kwenda Rongo ulishuka ukatembea, na bado ukafika kabla nyama haijaiva. Tunalisema hili kwa upendo. Mpishi humpenda mtu anayekula, na wewe hujawahi kurudisha sahani ikiwa na kitu.

Anayewasomea ni Benta, katibu wetu. Alichaguliwa kwa sababu ya sauti yake, na pia kwa sababu akikaa jikoni samaki huungua.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianzishwa na Adhiambo, yule mama mrefu aliyesimama kando ya moto akijifanya hasikii. Alipika katika matanga ya mama mkwe wake, na watu wakarudi kwao wakiuliza ni nani aliyesonga ugali ule. Akaanza kuitwa huku na huku. Kazi ilipomzidi akatuita sisi: wengine wa hapa hapa, Gesare aliyeletwa na ndoa kutoka Kisii, na Bhoke aliyetoka kwa Wakuria wa Migori, akiwa na mzaha mwingi kuliko mizigo.

Ndipo tumbo la Adhiambo likaanza vituko. Lilimuuma hadi anajikunja, akaharisha wiki baada ya wiki, akakonda mpaka leso ikamzunguka mara mbili. Alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, hakupata nafuu. Majirani wakashusha sauti na kusema ni chira, ile laana ya kuvunja desturi za ukoo, na wakaanza kuhesabu ni desturi gani aliyoivunja. Adhiambo alisikia yote. Alilia akiwa anakata vitunguu ili asiulizwe.

Mwishowe daktari alimchungulia utumbo kwa kamera, akampa ugonjwa wake jina: Crohn. Utumbo unavimba na kupata vidonda wenyewe. Ugonjwa huo hauambukizi, hauletwi na kurogwa, na ukoo hauhusiki. Adhiambo alirudi na dawa mkononi akicheka, Mheshimiwa, kwa sababu tu kitu kile kilikuwa na jina.

Akatumwa pia kwa afisa wa lishe, Bi Valentine, na sisi tukamsindikiza tukajaza benchi lote. Bi Valentine akamuuliza swali la kwanza, "Mama, una miiko gani?"

Sasa sisi Kiswahili tumekikuta shuleni na sokoni. Adhiambo akajibu bila kusita, "Niko na mkubwa wa ugali na mdogo wa mchuzi. Ule mwingine uliungua Rangwe."

Kumbe aliulizwa vyakula asivyokula. Bi Valentine alicheka hadi akavua miwani, na tangu siku hiyo vyakula vyote vinavyomkosesha Adhiambo amani tunaviita miiko iliyoungua.

MAFANIKIO

Tuliivamia kazi ya kuitafuta miiko hiyo kwa nguvu zote, na tukaanza kwa kuiharibu. Tulimwondolea kila kitu tulichokishuku: maharagwe, mboga, maziwa, samaki, hata ndizi tulizitazama vibaya. Akabaki na uji mweupe. Tumbo likatulia kidogo, lakini mwenyewe akawa hana nguvu ya kuinua sufuria. Bi Valentine alitukemea sote pamoja. Alisema mwili unaoumwa unahitaji kujengwa, kwamba chakula hakichukui nafasi ya dawa, na kwamba tumbo la kila mgonjwa lina tabia zake, tusije tukachukua miiko ya Adhiambo tukamvisha mtu mwingine.

Basi tukaenda polepole. Kila mmoja wetu alikabidhiwa chakula kimoja akichunge: kukipunguza, kungoja, kukirudisha kidogo na kutazama. Gesare alichunga maharagwe. Bhoke alipewa maziwa, na yalipoonekana kuwa na makosa alinuna kama aliyetukanwa yeye, maana kwao nyumba isiyo na maziwa hawaihesabu.

Hivyo tukajua. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yakiwa pamoja na maganda yake, humlaza kitandani. Pilipili na mafuta mengi, vivyo hivyo. Ngege, samaki wetu wa ziwani, aliyechemshwa na kutolewa miiba humkalia vizuri, na wali, na viazi vilivyopondwa, na malenge, na yai. Mboga hatukumnyima kabisa: tumbo likiwa shwari anakula majani machanga yaliyokatwa membamba na kuiva sana, likichafuka anayaacha. Anakula kidogo kidogo, mara nyingi, na dawa zake haziachi.

Ndipo kando ya sufuria zetu kubwa ikazaliwa sufuria ndogo. Tuliipika kwa ajili yake peke yake. Lakini wazee wasio na meno wakainusa, na wenye vidonda vya tumbo, na mama mmoja mjamzito aliyekuwa hawezi kuona nyama. Siku hizi sufuria ndogo huisha kwanza, na tumelazimika kununua sufuria ndogo kubwa zaidi.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba uvumilivu wako.

Unazijua desturi zetu. Mtu akikataa chakula nyumbani kwako amekutukana. Na mpishi akikataa chakula alichokipika mwenyewe, hapo watu huweka vijiko chini. Kwa hiyo Adhiambo alizoea kupakua kutoka sufuria ndogo na kwenda kula nyuma ya rundo la kuni, amewapa watu mgongo.

Katika matanga fulani kule Rangwe mgeni mmoja mashuhuri, ambaye hatutamtaja kwa kuwa tunamheshimu na kwa kuwa amekaa mbele yetu, alishika kipaza sauti akasema, "Mpishi wetu mwenyewe hali! Basi sisi tule tukiwa tumefumba macho." Ulikuwa mzaha, na watu walicheka sana. Hata sisi tulicheka, hadi tulipomwona Adhiambo.

Mzaha huo ulisafiri haraka kuliko bodaboda. Waliokuwa wametuita wakasema wamepata jamaa wa kuwapikia. Kule Rongo mwenye matanga alitusimamisha mbele ya wazee, akataka mpishi mkuu aonje kila sufuria, na aonje kwa bakuli. Sisi tulianza kufunga vyombo tuondoke. Adhiambo akachukua bakuli la nyoyo akala lote, anatabasamu, mpaka chini.

Usiku huo alilazwa hospitalini. Tulipomgombeza akiwa na dripu mkononi alitujibu, "Nilikula ili nyinyi muache kuulizwa."

Mheshimiwa, amepata nafuu, na unamwona amenawiri. Lakini ametuambia kwamba amechoka kula nyuma ya kuni. Ametuambia kwamba leo, mbele ya watu wote, ataketi mezani na sahani yake kutoka sufuria ndogo. Watu wakicheka tena, ataweka mwiko chini asiushike tena maishani. Tunamjua. Anaposema jambo kwa sauti ya chini hivyo, amemaliza.

MAOMBI

Tunaomba maji ya bomba yafike kwenye jiko hili. Tunaomba Bi Valentine awe anafika zahanati yetu mara kwa mara, kwa maana wako wengine wenye matumbo kama la Adhiambo ambao bado wanahesabiwa makosa ya ukoo. Hayo mawili tunajua yana njia yake na mikutano yake, na tutangoja.

La tatu halihitaji mkutano. Chakula kiko tayari. Nyama ipo upande ule, na itakungoja, haina miguu. Lakini mbele yako Gesare ameweka sahani ya ngege aliyechemshwa, wali na malenge, na Bhoke amesimama nyuma yako kuhakikisha. Imepakuliwa kutoka sufuria ndogo. Sahani ya pili imetoka humo humo, na mwenye sahani hiyo ndiye huyo anayefuta mikono kwa leso sasa hivi, anakuja kuketi kiti cha kushoto kwako.

Kipaza sauti tunakiondoa. Hatuombi hotuba. Tunaomba ule naye, macho yakiwa wazi.

Mungu akupe afya, akupe tumbo tulivu, na kila nyumba utakayoingia akukutanishe na sufuria inayokufaa.

Ni sisi wako,
Wapishi wa Matanga, Rodi Kopany: wenye mwiko mkubwa, mwiko mdogo, na ule ulioungua.