Mzee Lochakapong, Aliyejenga Hospitali kwa Kuomba

Baada ya miaka ishirini na mitano ya utumishi, Mzee Lokiru Lochakapong, katibu wa hospitali yetu ya jamii hapa Kakuma, anastaafu leo, Jumatano tarehe 30 Juni 1999. Wafanyakazi tumehuzunika. Wenye maduka mjini wamepumua.

Mzee alianza kazi Lodwar mwaka 1974 akiwa karani wa kupiga chapa. Wanaomkumbuka wanasema alipiga chapa kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe hakikuwa na haraka. Mwaka 1991 akaletwa Kakuma. Alichokikuta ni chumba kimoja cha mabati, vitanda sita, na mbuzi walioingia kujikinga na jua kama wagonjwa wengine. Mwaka uliofuata wakimbizi kutoka Sudan wakafika kwa maelfu, na vitanda vikabaki sita vilevile. Pesa za upanuzi hazikuwepo. Mzee hakushtuka, akaanza kuomba.

Mgeni anayesoma haya asidhani tunamtukana. Kwetu Turkana kuomba si aibu. Rafiki anakuomba mbuzi leo, kesho nawe unamwomba ngamia, na asiyeombwa chochote ajue hana mtu. Mzee aliichukua desturi hiyo akaiingiza ofisini kwa nguvu zote. Alikusalimu "ejok", na kabla hujaitikia macho yake yalikuwa yameshafika kwenye viatu vyako.

Ukitembea hospitalini leo unatembea ndani ya mali za watu. Tangi la maji tuliazimwa na shirika moja mwaka 1993, kwa wiki moja. Wenyewe walipokuja kulidai walinyweshwa chai iliyopikwa kwa maji yake, wakaondoka wameacha na mpira wa kumwagilia. Saruji ya wadi ya akina mama ilitoka Kalemng'orok, ambako lori la mfanyabiashara wa Lodwar lilikwama na mawingu yakaanza kukusanyika. Mzee alikaa naye akimweleza kwa upole jinsi mvua inavyoigeuza saruji kuwa mawe, mpaka mwenyewe akasema haya, chukueni. Milango ya wadi hiyo ina rangi nne kwa sababu waliotoa walikuwa wanne. Padri aliyekuja kubariki msingi alikuja na mwavuli akarudi bila mwavuli. Matroni Atabo, aliyefanya naye kazi tangu Lodwar, amesema mara nyingi kwamba yeye akifa azikwe upesi, kabla Mzee hajaomba mbao za jeneza atengenezee rafu.

Tulipomlaumu, alijibu kwamba mwomba chumvi huombea chungu chake. Chungu chake kilikuwa chumba cha upasuaji. Zamani mama aliyeshindwa kujifungua hapa alipakiwa kwenye Landrova kwenda Lodwar, na wengine hawakufika. Mzee ndiye aliyewaandalia gari, na ndiye aliyezungumza na waume zao gari liliporudi. Hilo hakulifanyia mzaha hata siku moja.

Chumba kilikamilika Novemba 1997, katikati ya mvua za El Nino. Taa, kitanda, jenereta, vyote vya kuombwa. Kilichobaki ni ufunguzi. Mgeni wa heshima alikuwa mkubwa mmoja wa wafadhili kutoka Nairobi, na aliahidi kwamba akishakata utepe atatuletea mashine ya eksirei. Sharti lake lilikuwa moja: awe mtu wa kwanza kuingia mle, na wapiga picha wawepo. Chumba cha eksirei kilikuwa kimeshajengwa, kuta nene, kinangoja. Basi Mzee akaenda kambini kwa Achol, fundi cherehani, akaomba kitambaa chekundu, akafunga utepe mlangoni kwa mikono yake. Akamweka askari pale na kutuonya kwamba atakayeugusa atahamishiwa Lokiriama akatibu punda.

Mgeni alitarajiwa Jumamosi kwa ndege. Alhamisi mkimbizi mmoja, Kuany, akaja na mkewe Athieng akiwa amebebwa kwenye blanketi. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Laga zote, mito yetu ya msimu, zilikuwa zimefurika na barabara ya Lodwar haipitiki. Daktari Aregae akasema mama huyu apasuliwe hapa sasa hivi, la sivyo tutazika wawili. Sote tukageuka kumtazama Mzee, maana tulijua utepe ukikatwa eksirei imekwenda.

Mzee aliutazama utepe. Nimefanya naye kazi miaka minane, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akitazama kitu bila kukiomba. Kisha akaomba makasi. Hata siku hiyo aliomba, na makasi yake yalikuwa ofisini. Akaukata utepe mwenyewe, akamwambia askari aache kukodoa macho ashike upande mmoja wa blanketi.

Mtoto alilia vizuri, na mama yake akaamka salama. Wazazi walimwita Gai, lakini hospitali nzima inamwita Utepe hadi leo. Jioni Matroni Atabo akaushona ule utepe kwa uzi wa upasuaji, tukaurudisha mlangoni.

Mgeni alifika, akahutubu mpaka mbuzi wakapoa kwenye sahani, akashika makasi. Alipokuwa anazitabasamia kamera, Utepe akalia humo ndani, maana mama yake alikuwa bado amelazwa chumba cha nyuma. Mgeni akauliza ni nini hicho. Tulitegemea Mzee atunge uongo, na uwezo huo hakunyimwa na Mungu. Akasema ukweli, kwamba mgonjwa wa kwanza hakuweza kusubiri, kisha papo hapo akamwomba eksirei. Mgeni aliona amefanywa mjinga mbele ya watu. Akapanda ndege yake bila kula, na mashine haijafika mpaka leo. Chumbani mwa eksirei tunaweka baiskeli.

Hiyo ndiyo mara moja tu ambayo Mzee aliomba akanyimwa. Nilimuuliza kama anajuta. Alisema ametoa mashine moja akapata watu wawili, nimtajie mfanyabiashara wa Lodwar aliyewahi kupata faida kama hiyo.

Baadaye Kuany alikuja kushukuru. Mzee akamwambia shukrani hazikamuliwi, aombe kitu. Kuany akaomba mbuzi wa maziwa. Kwa miaka yote hiyo, hakuna mtu hapa aliyewahi kumwomba Mzee chochote. Tulikuwa tunajificha tu. Akatoa mbuzi aliyempenda kuliko wote, na analalamika juu ya mbuzi huyo hadi leo, lakini alitoa. Hapo ndipo tulipojua kwamba mwombaji akiombwa hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo, Mzee, zawadi hatukununua. Jumanne ijayo wafadhili wapya wanakuja kuzungumzia eksirei, na hapa hakuna anayejua kuomba. Daktari Aregae anaona haya, Matroni anagombana na watu, na mimi huanza kwa kuomba radhi. Tunakushukuru kwa kila mlango na kila mfuko wa saruji, na kwa utepe ule zaidi ya vyote. Tunakutakia wewe na mkeo Mama Akol maisha ya raha, mbuzi wanono na mvua ya kiasi.

Ila raha hizo zianze Jumatano. Jumanne njoo. Tunakuomba.

Adome, kwa niaba ya wafanyakazi wote