Siku Moja Tu

Katika basi la Ansan, Deok-su aliketi nyuma ya wanawake wawili, na masikio hayana pazia.

"Bibi, kodi ya mwezi inanikausha," alisema Solongo, binti wa Kimongolia. "Mwenye nyumba mpya niliyempata anataka amana kubwa mara moja. Nakaa miaka miwili bila kodi, kisha ananirudishia yote."

"Akirudisha!" alisema bibi aliyeketi kando yake. "Mjukuu wangu, lipa kodi ulale usingizi. Huyo atakuja na maneno matamu: 'Hamisha anwani yako siku moja tu, benki inakagua.' Ukihamisha, unapoteza haki ya kulipwa kwanza, naye anaweka nyumba rehani. Ikipigwa mnada, benki inalipwa kwanza, wewe unabaki kutazama."

"Lakini ni mpole, bibi. Jana kanipa boksi la zabibu."

"Wote wapole. Jengo lipi?"

"La matofali ya kijani, nyuma ya soko."

Deok-su aliishi humo, ghorofa ya tatu, kwa amana kama hiyo. Alikuwa amehamisha anwani Jumatatu, siku moja tu.

Basi likasimama. Solongo akashuka. Kilikuwa kituo cha Deok-su pia, lakini hakushuka. Zabibu alizopewa na mwenye nyumba bado zilikuwa kwenye friji yake, nusu boksi.