Mlango wa Nalufenya

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haivuki tena kitanda hiki. Khainza, acha hiyo chai ipoe, hakuna atakayekulaumu. Geresom, keti chini kama wenzako, usisimame kama mtu anayesubiri gari. Nulu, wewe njoo upande huu wa ukutani, kwa sababu sikio langu la kulia ndilo lililobaki na kazi. Hapo nyuma yenu ameketi mwenyekiti wa mtaa pamoja na mzee wa ukoo wa baba yenu. Nimewaita mimi mwenyewe wasikie, ili nikishaondoka asitokee mtu wa kusema mama alitaka hivi, mama alitaka vile.

Nitasema kwa Kiswahili. Najua mnakionea haya hapa Mbale, maana watu wakikisikia hukumbuka wanajeshi na vizuizi vya barabarani. Lakini mimi ni Mwacholi na baba yenu Mafabi alikuwa Mgisu, tukakutana Jinja kwenye nyumba za askari magereza tukiwa hatuna lugha ya kuelewana isipokuwa hii ya kambini, na kwa hii akanichumbia, na kwa hii tukawalea. Kwa lugha hiihii watu walimwamuru apande gari lao. Sina nyingine ya kuwaaga.

Geresom, ulikuwa mdogo, na Khainza alikuwa bado mgongoni. Baba yenu alikuwa sajini pale gerezani, mtu wa kupiga pasi suruali yake hata siku ambayo ndani hakuna chumvi. Wanajeshi walikuja wakitaka wapewe mfungwa mmoja, mfanyabiashara aliyeitwa Mugweri, bila hati wala sahihi ya mtu yeyote, na miaka ile kila mtu alijua anayetolewa namna hiyo anapelekwa wapi. Waiswa, aliyekuwa zamu pamoja naye, ndiye aliyenisimulia. Anasema baba yenu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Afande, huyu mtu nimemhesabu asubuhi, na jioni nitamhesabu tena." Wakacheka, wakaondoka. Waliporudi hawakumtaka Mugweri tena, walimtaka yeye.

Mugweri alitoka mzima vita vilipokwisha. Alikuja kunisalimu, akakaa kwenye mkeka akalia, akaondoka, na sikumwona tena.

Nilizunguka kambi na ofisi nikiuliza, mpaka askari wa malangoni wakawa wananifukuza kabla sijafungua mdomo. Wanawake wa Jinja siku zile walikuwa na desturi ya kwenda darajani kutazama maji, maana maiti zilitupwa mtoni, kila mmoja amesimama peke yake, hakuna anayemsemesha mwenzake. Nami nilikwenda kutazama. Nilimwomba Mungu anioneshe hata kitambaa cha sare yake. Sitawadanganya, wanangu, kwa kuwa nakwenda mahali ambapo uongo hausaidii: sikuoneshwa kitu. Niliomba ndani ya kimya hicho miaka mingi, na mpaka leo sijaambiwa alilala wapi.

Serikali ikatutoa kwenye nyumba ya askari, tukapanga chumba mtaa wa Nalufenya, palepale Jinja. Ukuta wetu ulikuwa mmoja na wa Rehemah, mke wa Taban, Mnubi. Taban alikuwa mwanajeshi, akivaa sare ileile ya watu waliomchukua baba yenu. Alfajiri nilimsikia akikohoa upande wa pili, nikashindwa kuanza sala mpaka nisikie viatu vyake vimetoka uani. Lakini Geresom alipopatwa na surua, Rehemah ndiye aliyekuja na uji, akakaa naye mimi nikienda kutafuta dawa. Hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Alijua. Baadaye akajifungua Nulu, nami nikamkata kitovu, kwa sababu siku ile hakuna mkunga aliyethubutu kutoka nje.

Sasa nafika pale ninapotaka mnisikilize, hasa wewe Geresom, uliyechora kibao ukaandika kwamba kanisa lako limejengwa juu ya upako wa Mama Santa, yaani mimi, aliyeifunga bunduki kwa jina la Yesu. Nimekiona hicho kibao. Umekificha nyuma ya stoo, lakini kuku walinipeleka huko.

Ilikuwa hivi. Serikali ilianguka, Watanzania wakawa njiani kuingia Jinja, na Taban akakimbia na wenzake bila kumuaga mkewe. Mchana, jua likiwa kali, watu wakaingia mitaani wakitafuta nyumba za Wanubi, kwa kuwa wanajeshi wengi wa serikali ile walitoka kwao. Wengine walikuwa na mapanga, wengine na bunduki zilizookotwa kambini, na wengi walikuwa watu waliokwisha kufiwa kama mimi. Rehemah akapita uani na mtoto kifuani, akaingia chumbani kwangu, akajibanza nyuma ya kitanda. Mimi nikatoka nikasimama mlangoni.

Aliyekuja mbele yao alikuwa Otim. Mlimjua kama mjomba. Alikuwa askari mwenzake baba yenu, na kanisani alikuwa na sauti nzito iliyobeba kwaya nzima. Alikuwa na bunduki. Akaniambia, "Mama Geresom, toka kwa mlango. Sisi nataka bibi ya Taban tu. Wewe si ndugu yake."

Nikamwambia, "Otim, nyumba hii ina mwenyewe, ni yule unayemwimbia Jumapili. Yeye hajakuruhusu kuingia."

Akapiga kelele, "Hawa walikula Mafabi! Walikula ndugu yangu!"

Nikamwambia, "Mjane wa Mafabi ni nani, ni wewe au ni mimi? Kama kuna mtu wa kuidai damu yake ni mimi. Na mimi siidai kwa mwanamke huyu. Kwa jina la Yesu, weka hicho kitu chini."

Bunduki haikugoma, mwanangu. Hakuna aliyeifyatua. Hakukuwa na mwanga wala upepo. Otim alianza kulia, na mtu anayelia vile hawezi kulenga, basi akaishusha. Akatema mate miguuni pangu, akawageuza wenzake, wakaondoka. Mimi mkojo ulikuwa umenitoka mbele za watu wote wale, na aliyelifua gauni langu la gomesi baadaye ni Rehemah. Hiyo ndiyo habari yote. Ukitaka kuihubiri, ihubiri pamoja na mkojo wake, au uiache.

Mnaniuliza, na watu wameniuliza, mamlaka ile niliipata wapi. Sikuipata kwa kufunga wala kwa kuwekewa mikono. Nilikuwa na haki moja tu duniani, haki ya kulipiziwa kisasi, nami siku ile niliishika mkononi mbele ya Bwana nikamrudishia. Nikaona kwamba nilipokwisha kuiachia, neno langu lilikuwa na uzito ambao si wangu. Sijui kulieleza zaidi ya hapo. Tangu siku ile nimeamuru mambo mengi kwa jina lile, mengine yakawa, mengine hayakuwa, na sikuwahi tena kusikia uzito ule.

Na gharama yake niwaambie, maana kwenye kibao haimo. Jumapili iliyofuata niliketi kwenye benchi langu, na benchi likabaki langu peke yangu. Watu niliolia nao, waliokuja kunifariji baba yenu alipochukuliwa, walihamia upande mwingine wa kanisa. Mama mmoja alinishika mkono nje akanieleza kwa upole kwamba nimeiuza damu ya mume wangu. Otim hakuimba tena nikiwemo ndani. Akiniona alikunja kitabu akatoka. Nilimpenda Otim kama kaka. Alihamishwa, nikasikia amekufa, na sikuambiwa msiba uko wapi.

Nulu, binti yangu, mkono wako. Mama yako alikaa chumbani mwangu mpaka likapatikana lori la mkaa la kuelekea kaskazini. Dereva alikubali kumficha chini ya magunia, lakini wewe alikukataa, kwa sababu ulikuwa na homa na ulilia bila kunyamaza. Rehemah alikunyonyesha mpaka lori likapiga honi. Akaniambia, "Mama Geresom, nikikawia, usimsahaulishe jina lake na dini ya watu wake." Nikamwambia nimesikia. Hakukutupa, mwanangu. Watu wakikuambia ulitupwa, waambie mimi nilikuwepo. Nimeuliza kwa kila mtu aliyetoka Arua na aliyerudi kutoka Sudan, na hakuna aliyemwona.

Basi nikaja nanyi hapa Mbale kwa ukoo wa baba yenu, nikakaanga mihogo sokoni, na mtaa huu wa Malukhu ulipoanza kujengwa upya baada ya vita nikasimamisha nyumba hii chumba baada ya chumba. Na Nulu nikampeleka kwa Hasifa, yule mwenye duka la vitambaa, amfundishe kusali na kusoma Kurani pamoja na binti zake. Kanisa likaniita. Wakasema mwanamke anayepeleka mtoto chuoni kwa Waislamu hawezi kuongoza maombi ya akina mama. Nikawaambia, "Nimeahidi." Wakasema ahadi kwa mtu kama yule haihesabiwi. Nikavua kile kitambaa cha kiongozi, nikakikunja, nikakiweka mezani kwao.

Nulu anajua kwamba kila asubuhi nimemwomba Yesu ajitambulishe kwake. Sikumficha. Nilikuwa na uwezo wa kumbatiza akiwa hajui kusema, na hakuna mtu ambaye angenizuia. Lakini mama yake hakuwepo kujibu. Bwana wangu hugonga, haibi watoto. Hivyo ndivyo nilivyomjua mimi, na kama nilikosea, leo au kesho ataniambia mwenyewe.

Ngojeni. Nipeni maji. Kidogo tu.

Geresom. Usilie, sikugombezi. Una kipawa cha kusema, umekirithi kwa babu yako. Lakini mwezi uliopita ulimpiga kofi yule msichana Nabifo mbele ya watu ukiamuru pepo limtoke, na msichana alikuwa anatetemeka kwa malaria. Nilimchukua mimi nikampeleka zahanati kwa miguu hii mibovu, nikamwombea tukiwa kwenye foleni. Alipona kwa sindano na kwa Mungu, na sioni haja ya kuwatenganisha hao wawili. Mwanangu, ukimwekea mtu mkono, uwe mkono ambao angependa umwekee tena. Nenda kamwombe radhi, na uende mchana, watu wakuone.

Uliniomba nikuwekee mikono nikuachie upako. Nitakuwekea kwa sababu wewe ni mwanangu, lakini hakuna kitu mkononi mwangu cha kurithisha. Siku yako itakuja na mlango wake, na watu watakaokuja kwako watakuwa watu unaowapenda. Hapo ndipo utajua kama una kitu au huna.

Khainza, wewe umeacha kwenda kanisani, na unadhani sijui kwa nini. Uliketi nami kwenye benchi tupu tangu utoto, kule Jinja na hapa pia, uliona. Sikulazimishi. Ila usichanganye Bwana na watu waliohama benchi. Mimi nilibaki pale, naye alibaki, ingawa mara nyingi hakusema kitu.

Sasa sikilizeni maagizo, na mwenyekiti asikie. Shamba la kahawa kule chini ya mlima Wanale ni la Geresom, kwa kuwa ni la ukoo wa baba yake. Vyumba vya nyuma vya nyumba hii ni vya Khainza, akiwa na mume au asiwe naye. Chumba cha mbele, kile chenye cherehani, kile Geresom ulichotaka kukifanya kanisa, ni cha Nulu na uzao wake. Asije mtu kumwambia yeye si damu. Nilikikata kitovu chake kwa mkono wangu.

Nizikeni kwa ukoo wa Mafabi. Kaburi liwe moja. Msichimbe la pili kando yangu mkajifanya kumzika baba yenu. Nimelala bila yeye muda mrefu, nitaweza. Mchungaji akitaka kusimulia habari ya bunduki, mkatazeni. Na ng'ombe wa msiba achinjwe na Jamil, mume wa Hasifa, ili Nulu na watu wote wa upande ule wale nyama pamoja nanyi, wasiketi pembeni na ndizi tupu bila kitoweo. Hilo msilisahau hata mkisahau mengine.

Pumzi inakwisha. Leteni mikono yenu, nyote. Palipokuwa na dirisha naona weupe tu.

Mkono huu ni wa nani? Huu wenye joto. Hapana, msiniambie. Ni wa mwanangu. Baraka niliyokuwa nayo naiweka hapa.

Mungu wangu, mpe huyu usingizi. Mpe moyo usioogopa siku watu wake watakapomwacha. Mkumbuke, hata kama hutamjibu. Na usimpe njia yangu mimi, Bwana, kama iko nyingine... Mpe watu. Mpe watu wa kula nao...

Shikilia. Usiondoe kwanza. Shikilia kidogo.